Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Walatino Wanapungua Shuleni, Nasi Yanatuhusu

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu,

Habari za fedha atawasomea mhazini, na za mpira wa vijana mlizishuhudia wenyewe. Nafasi yangu naitumia kwa jambo ambalo kamati imelijadili karibu kila kikao: watoto wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wanapungua katika shule yetu ya msingi hapa Gulfton, mtaa wa Houston, Texas.

Wanachama wanaofika kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma hushangaa kusikia Kihispania zaidi uwanjani kuliko Kiingereza. Sababu yake imo katika fleti hizi tunazoishi. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya vijana waliofuata kazi za mafuta Houston miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilipoanguka miaka ya 1980, vijana wakahama, wenye nyumba wakashusha kodi, na waliozijaza ni watu wa El Salvador, Guatemala na Honduras, wengi wakikimbia vita na umaskini. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka hapa hapa Texas, ilikuwa imeshaamua kwamba mtoto asinyimwe shule ya umma kwa kukosa makaratasi ya uhamiaji. Leo Walatino ni zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shule za umma Texas, na katika wilaya ya shule ya Houston ni takriban 6 kati ya kila 10.

Sasa maji yanakupwa. Katikati ya miaka ya 2010 wilaya hiyo ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 210,000. Leo hawafiki 190,000. Kodi za nyumba zimepanda, familia zinasogea nje ya mji, nyingine zimehamia shule za chata (shule za umma zinazoendeshwa nje ya wilaya), na watoto wanaozaliwa ni wachache kuliko zamani. Tangu Januari 2025, serikali kuu ilipoondoa mwongozo uliowazuia maofisa wa uhamiaji kuingia shuleni ovyo, pia kuna hofu. Majirani zetu wengine hawaongelei jambo hilo hadharani, nasi tusiwadodose.

Texas hulipa shule kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku. Kiti kitupu hakileti senti, hata kama mtoto ameandikishwa. Akina mama wa Kilatino ndio waliopigania huduma nyingi ambazo watoto wetu wanazikuta tayari. Wakipungua, sauti hiyo inapungua, nasi lazima watoto wetu wahesabiwe.

Ndiyo maana narudia habari ya fomu ya lugha ya nyumbani, ile mzazi anayojaza wakati wa kuandikisha mtoto kueleza lugha wanayoongea nyumbani. Sheria ya Texas inasema wilaya yenye wanafunzi 20 au zaidi wa darasa moja, wa lugha moja, ambao Kiingereza hakijawakaa sawa, itoe masomo kwa lugha mbili. Wilaya ikikosa walimu huweza kuomba ruhusa maalumu, lakini lazima kwanza watoto waonekane kwenye hesabu. Wazazi wetu wengi huandika "Kiingereza" wakiogopa mtoto ataonekana mjinga. Matokeo yake hata msaada wa Kiingereza anaweza kuukosa. Kama nyumbani mnaongea Kibembe au Kinyarwanda, andikeni hicho. Sikipigii kampeni Kiswahili, nataka ukweli.

Kamati itaweka meza nje ya ofisi ya shule wakati wa uandikishaji, Agosti. Tunahitaji wanachama wanaojua Kihispania kidogo, kwa kuwa tumekubaliana na wazazi wa Kilatino meza iwe moja. Majina apewe katibu kabla ya kikao kufungwa.