Uji wa Saada na mguu wa Baba Rehema

Magomeni Mapipa, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Mwanahawa shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu, na kadhalika na kadhalika, hayo mengine jaza mwenyewe. Simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma, naona kabisa umeusoma, jibu hamna. Sasa Mama Chausiku anapanda basi la alfajiri kuja Tanga, nimempa hii akutie mkononi wewe mwenyewe, asimpe mtoto.

Najua umesikia. Tena umesikia kwa upande wa Saada, yule ni ndugu yako, sikulaumu. Ni kweli nilikwenda Kariakoo saa mbili asubuhi, watu wamejaa kwenye mabenchi, nikalipindua sufuria lake la uji. Ni kweli nilimwita jina ambalo humu siliandiki, maana Mama Chausiku ataifungua hii barua kabla hajafika Chalinze. (Mama Chausiku, shikamoo.) Nilichotaka usikie ni kilichotokea baadaye.

Unaujua mwendo wa Baba Rehema. Tangu tunakaa wote Kigogo, nani aliweza kuongozana naye? Mwaka jana akaanza kuchelewa dukani. Vijana wananipigia, "Mama, mzee mbona hajafika?" na mimi najua kashuka mwendokasi pale Fire muda mrefu. Nikamtuma Juma amfuatilie kimyakimya. Siku tatu mfululizo Juma akaleta habari ile ile: baba anashuka, anatembea, akifika kwa Saada anasimama. Anashika ukuta, anacheka cheka, dakika tatu nne, halafu huyoo anaendelea. Kila siku pale pale! Nikamuuliza mwenyewe, akanijibu, "Mguu unakaza." Mwana, visingizio vya wanaume nimevisikia vya kila aina, cha mguu kilikuwa kigeni. Mwanamume asimame kila asubuhi mbele ya mwanamke mmoja mwenye kanga mpya kila wiki, wewe ungefikiria nini? Ungefikiria ateri, mshipa wa kupeleka damu mguuni?

Basi uji ukamwagika. Wiki tano mbele, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikatoka kidonda kikagoma kupona. Usiku analala kauning'iniza mguu nje ya kitanda, anasema akiunyoosha unawaka moto, akiushusha unapoa. Tukaenda mahali pa kwanza tukapewa dawa ya kupaka. Mahali pa pili, sipataji, wakakuta na kisukari, bwana mmoja akakitazama kile kidole muda wa kupiga chafya akasema mguu ukatwe. Baba Rehema akavaa kandambili zake akatoka. Hata faili hakuchukua.

Shemeji Idi ndiye aliyetusukuma Muhimbili. Huko daktari binti, mdogo kuliko Rehema, hakuanza na kidole. Alimpima presha mkononi, halafu akampima na kwenye kifundo cha mguu. Mkononi 150. Mguuni 70. Mtu mzima wa afya namba hizo zinakaribiana, au ya mguuni inazidi kidogo. Kumbe sigara za miaka 30 na hiyo sukari zimeuziba mshipa mkubwa wa paja kwa mafuta na chokaa, kama bomba letu la nyuma. Akikaa, ile damu kidogo inayopenya inamtosha. Akitembea, kigimbi kinadai zaidi na haipo, kinakaza. Akisimama dakika chache, deni linalipika, anaendelea mpaka likomae tena. Ndiyo maana umbali haubadiliki, ni kama mita 200 kutoka Fire. Saada wa watu kaweka benchi lake pale ateri ya mume wangu inapoishiwa!

Na dalili nilikuwa nayo mkononi. Baadaye Juma aliniambia mzee siku hizi hafiki hata kwa Saada, anasimama kwa Mzee Kibwana wa nyanya. Mimi nikajisifu, nimemtia adabu. Kumbe mita zinapungua.

Matibabu yenyewe sikuyaona, niliachwa kwenye korido, ila kayasimulia mara kumi na kila mara yanarefuka. Hakupasuliwa. Walimchoma ganzi kwenye kinena cha kulia, na mguu mbovu ni wa kushoto! Alidhani wamekosea, akawauliza. Wakamwambia wanaingilia upande mzima, wanapanda na waya hadi tumboni mishipa inapogawanyika, wanateremka upande wa pili. Macho yake makavu muda wote, anaangalia kwenye skrini. Wakimtia dawa ya rangi anahisi joto, anaapa alidhani kajikojolea. Ile dawa inashuka kwenye paja, inafika mahali inakatika, kama Mto Msimbazi wakati wa kiangazi. Kuupitisha waya pale palipoziba ndiko kulikochukua muda. Ukishapita, wakatelezesha juu yake mpira mwembamba wenye puto nchani, puto likajazwa, likabana yale mafuta ukutani, likatolewa upepo. Wakatia rangi tena, ikateremka mpaka unyayoni. Stenti, kile kijibomba cha wavu wa chuma cha kuushikilia mshipa, hawakuweka, walisema pamefunguka vya kutosha. Kisha nesi akamkandamiza kinena, akalazwa chali masaa bila kukunja mguu. Malalamiko yote niliyosikia yalikuwa ya kukojoa kwenye chupa. Kesho yake tukarudi nyumbani.

Kabla hajaingia alikuwa amekwisha gawa mashati yake. Yule daktari akamtuliza kwa kisa cha bibi mmoja wa miaka 82 huko Portland, Marekani, Januari 1964. Vidole vinaoza, kaambiwa akatwe mguu, kagoma kama huyu wa kwangu. Daktari wa eksirei, Charles Dotter, hata si mpasuaji, akampitishia waya na mirija, mwembamba kwanza kisha mnene juu yake, mguu ukapata moto. Bibi akatembea kwa miguu yake miwili mpaka alipokufa kwa maradhi mengine. Puto lilikuja baadaye, la Mjerumani Andreas Grüntzig, alikuwa Zurich akiyaunda maputo yake kwenye meza ya jikoni, na mwaka 1977 akaliingiza kwenye mshipa wa moyo wa mtu. Jikoni, Mwana! Mimi jikoni kwangu yametoka maandazi tu, na hayo nayo unayajua.

Hapa kwetu utaalamu wenyewe unaitwa tiba radiolojia. Tangu 2018 timu za Wamarekani zimekuwa zikija Muhimbili kufundisha, sasa wanafanya vijana wetu. Bima yetu ilituzungusha mpaka nikauza ile mashine ya kufuma. Hiyo tuiache, nikiianza sitalala.

Nikwambie kitu kimoja. Usiku ule tuliorudi niliupapasa ule mguu, ukawa wa moto. Mwaka mzima ulikuwa baridi kama samaki wa barafu pale Feri, akinigusa nao nausukuma, nikijiambia apeleke huko anakopasha uji. Nililia, Mwana. Nilikwenda kulilia chooni asinione.

Kidole hakikusalimika chote, ncha imekatwa. Mguu upo. Vidonge kila siku, aspirini na kile kingine cha kulainisha damu. Sigara marufuku, mshipa unaweza kuziba tena. Ameacha, au anasema ameacha. Na kaandikiwa kutembea: atembee mpaka mguu ukaze, apumzike, atembee tena. Sasa njia yake inapita kwa Saada, na kwa aibu yangu mimi anazunguka mtaa wa pili, kwenye matope na mikokoteni, na kidole kile. Saada mwenyewe nilimnunulia sufuria jipya, nikampa Juma apeleke. Lilirudishwa. Halikufunguliwa hata karatasi.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Mpigie. Usinipambe, mwambie mita 200. Mwambie niko tayari kwenda saa mbili asubuhi ile ile, mbele ya mabenchi yale yale, nimwombe radhi kwa sauti niliyomtukania. Akitaka kunimwagia uji, anipishe kanga tu.

Jambo la pili, na hili usilicheleweshe. Mama Chausiku kanidokeza Mariamu amejifungua na mguu umevimba. Ni mguu mmoja au yote miwili? Kama ni mmoja, hasa wa kushoto, acheni kumkanda hapo. Najua mama mkwe wake na maji yake ya moto, lakini Muhimbili tulilala wodi moja na mzazi wa wiki tatu, damu imegandia kwenye vena ya paja, mshipa unaorudisha damu moyoni. Ile inaweza kuchomoka ikapanda mapafuni. Wengi wanapewa dawa ya kuzuia damu isigande, miezi kadhaa, wachache wanaingiziwa mpira kulitoa bonge. Ila kwanza apigwe altrasaundi, hospitali ya Bombo si mbali na kwenu. Akianza kuhema kwa shida au kifua kikachoma, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Una nauli ya kumpeleka? Umeanza lini huo uvimbe? Mtoto anaitwa nani? Bado unanuna? Saada anasema nini hasa kuhusu mimi, neno kwa neno? Na wewe, siku ile uliposikia, ulicheka hata kidogo?

Nijibu, hata kwa matusi.

Wako,
Zuhura

Sufuria lipo uvunguni kwangu. La lita 20, na mfuniko.