Karo haijui kusi wala kaskazi

Mhariri,

Agosti iliyopita mume wangu aliuza mashine ya boti yetu ili binti yetu aripoti chuo kikuu. Mnunuzi alikuja kutoka Faza, akavuta kamba mara mbili, ikawaka, akahesabu pesa pale pale ufuoni. Vijana wawili waliibeba begani. Mume wangu aliifuata hatua chache, akawakumbusha kuisuuza kwa maji matamu kila watokapo baharini, kisha akarudi nyumbani asiseme neno hadi isha.

Wasomaji wa bara huenda wakauliza kwa nini tusingengoja. Huku Kizingitini Agosti ni msimu wa upepo wa kusi. Bahari imechafuka na mzamiaji wa kamba mawe haoni hata mkono wake. Pesa zetu huingia kaskazi, Novemba hadi Machi, maji yakitakata. Lakini chuo kilitaka nusu ya karo kabla ya kumruhusu binti kuandikisha masomo, na mwisho ulikuwa Septemba. Sasa kaskazi imeingia, kamba wapo, na mume wangu anatoka kama baharia kwenye chombo cha mtu. Analeta fungu moja, pale alipozoea kuleta lake na la chombo, linalokwenda kwa mwenye boti. Karo ya muhula wa pili ingetoka kwenye lile fungu la chombo.

Fomu ya kuombea ufadhili nayo ilituuliza kipato cha mwezi. Mwezi gani? Mume wangu, mtu mkweli kupita kiasi, akaandika cha Februari. Mfumo ulioanza 2023 hupanga wanafunzi katika makundi matano kwa kadiri ya uhitaji wa familia, na sisi tukaangukia kwa wenye afadhali. Angeandika cha Julai tungehesabiwa mafukara. Yote mawili ni kweli.

Wako majirani zangu wasiougusa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kwa sababu ya ile riba ya asilimia 4. Ni ndogo, lakini kwao riba ni riba, na siwalaumu, ingawa binti yangu ameuchukua. Kinachoniondolea usingizi mimi ni mambo ya baadaye. Akimaliza ana mwaka mmoja, kisha deni linaanza kudaiwa, na asiyelipa sheria inamtoza faini isiyopungua Sh5,000 kwa mwezi. Mtoto ambaye hajapata kazi atazitoa wapi?

Nasikia Australia tangu 1989 wana mpango wao: mwanafunzi anasoma kwanza, na halipi kitu mpaka mshahara wake ufike kiwango kilichowekwa. Ukishuka chini ya hapo, makato yanasimama. Hawatozi riba, ila deni huongezwa kufuata kupanda kwa bei au kwa mishahara, kokote kuliko kudogo. Nilipomweleza mume wangu alicheka. "Hayo si mafungu tu?" Na kweli ni mafungu. Chombo kikipata, kila mtu na fungu lake. Kikirudi kitupu, hakuna anayemshika nahodha shati. Tumegawana hivyo tangu enzi za mababu, lakini kwenye karo tunaambiwa haiwezekani.

Sisi wanawake wa mtaani tumejaribu tunaloweza. Mchezo wetu wa kuchangiana pesa kila wiki tumeupanga upya, zamu za Agosti na Septemba tukawaachia wenye watoto vyuoni. Palitokea ugomvi kidogo, maana kuna waliokuwa wanaozesha watoto miezi hiyo hiyo. Zamu yangu ililipa chumba na nauli ya basi kutoka Mokowe, basi.

Na wenye uwezo wetu hapa Lamu, je? Wazee waliacha minazi na nyumba ziwe wakfu, na misikiti ikajengwa na kutunzwa kwa pato lake. Al-Azhar ya Cairo ilisomesha kwa wakfu karne na karne. Mwenye vyombo vinne leo hawezi kuweka fungu la chombo kimoja wakfu kwa wanafunzi wa kisiwa chake? Fungu tu, chombo abaki nacho.

Kwa vyuo nina ombi moja, wala si la kusamehewa hata senti. Mzazi mvuvi aruhusiwe kuandikiana na chuo mkataba wa kulipa karo ya mwaka mzima kati ya Desemba na Machi, na mtoto akae darasani tangu siku ya kwanza. Mkataba ushuhudiwe na chifu au viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wanaojua nani anavua na nani anajidai. Mkulima wa korosho wa Mpeketoni naye aulizwe miezi yake.

Yule bwana wa Faza amesema atatuuzia mashine kwa bei ile ile aliyonunulia, tukizipata pesa kabla ya mwisho wa Machi. Binti yangu anadaiwa karo Jumatatu ijayo.

Mama wa mwanafunzi,
Kizingitini, Lamu.