Posta (mabango) za Buddha ziwekwe picha zaidi ya moja

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Posta za dini za dunia, kwenye Buddha wengi wanaweka yule mnene kipara anayecheka, na huyo wala sio Siddhartha Gautama, yule mwanzilishi wa dini ya Buddha, ni Budai, mtawa wa China. Jamani mnaodizaini hizi posta wekeni picha kadhaa pamoja, ya Gandhara, eneo la kale la Pakistan na Afghanistan ya leo, yenye nywele za mawimbi na vazi la mikunjo kama sanamu za Wagiriki, ya Sukhothai kule Thailand anatembea na mwali wa moto kichwani, yaani inapendeza sana hiyo, na ile kubwa ya Kamakura, Japani, ambayo ni Amida, Buddha mwingine sio Siddhartha. Tena anzieni India ya zamani walipochonga nyayo, gurudumu au mti tu kama alama ya Buddha, bila mtu. Na chini ya kila picha andikeni ni nani na katoka wapi.

Msomaji wenu