Rehema, hiyo shisha iache

Rehema mwanangu,

Huku Mbagala hatujambo, baba yako goti tu linamsumbua. Naandika kwa sababu kwenye simu utanikatisha.

Nasikia shisha bado unavuta na mimba hiyo, na sigara mojamoja mwenzio akiwasha. Usinijibu kwamba shisha ni maji. Mkoa uliipiga marufuku hapa Dar mwaka 2016, ila hayo ni ya polisi. Mimi nasema kama mkunga. Ule mkaa wake unatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, na maji hayaizuii. Ikishaingia kwenye damu inang'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, inavuka kondo la nyuma mpaka kwa mjukuu wangu. Naye akipungukiwa oksijeni, mwili wake unaongeza chembe nyekundu, damu inakuwa nzito. Mashoga zako watasema nzito ndiyo nzuri, itaganda upesi. Waulize inagandia wapi! Mishipa ya kitovu cha mtoto wa mvutaji hutengeneza prostasiklini kidogo, na hiyo ndiyo inayozuia chembe sahani, zile za kugandisha damu, zisishikamane ovyo ndani ya mshipa.

Panapotakiwa kuganda, hapo kuna jambo jingine. Kila kichanga, mama awe anavuta au havuti, huzaliwa na vitamini K kidogo: kwenye kondo inapita kwa shida, na maziwa ya mama hayana nyingi. Bila hiyo, ini lake halitengenezi sawasawa protini za kugandisha damu. Ndiyo maana huchomwa sindano ya pajani, miligramu 1, akishazaliwa. Nimeona kitovu kinachovuja: unaweka kitambaa, kinalowa, unaweka kingine, nacho kinalowa. Asije mtu akaikataa sindano hiyo, hata shangazi yako na dawa zake. Lakini haifuti madhara ya moshi, usijidanganye.

Kinachoninyima usingizi hasa ni kondo kubanduka kabla ya wakati. Uvutaji unaongeza hatari hiyo. Ukiona damu, au tumbo likikakamaa na kuuma, usianze kunipigia mimi. Tafuta gari, nenda hospitali, usiku au mchana.

Kliniki wakikuuliza kama unavuta, sema ukweli. Mkwe wangu nitazungumza naye mwenyewe, kwa adabu zote.

Jumamosi nakuja na samaki wa Feri. Hicho chombo cha shisha kiweke mlangoni, nitaondoka nacho.

Mama yako