Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ubani, Manemane na Chupa Zetu

Ndugu wanachama, Asalaam alaykum.

Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, na mahudhurio anayo Katibu, kwa hiyo hayo sitayagusa. Nataka kusema juu ya kazi yenyewe, yaani vitu vya ngozi tunavyotengeneza kwa ubani na manemane na kuviuza. Mwaka huu kamati imeamua mambo ambayo baadhi yenu hamkuyapenda, na ni haki yenu kuzisikia sababu kutoka kwangu kuliko kuziokota barazani Mkomani au kwenye foleni ya boti ya Mokowe.

Lililotutia joto kuliko yote ni maji ya ubani, yale yaliyolowekewa punje zake. Kamati imesimamisha kuyauza katika chupa. Mnajua kilichotokea: duka moja linalouzia wageni lilirudisha chupa zikiwa na utando juu na harufu ya uchachu, na aliyezitengeneza ni fundi hodari ambaye usafi wa jiko lake hakuna anayeutilia shaka. Ndiyo maana nasema kasoro haikuwa ya mkono wa mtu. Ilikuwa ya bidhaa.

Hoja niliyoisikia mara nyingi ni kwamba bibi zetu waliyatumia maji haya miaka na miaka na hakuna aliyedhurika. Kweli kabisa. Lakini bibi alikuwa akiloweka punje zake katika bakuli baada ya Isha, Alfajiri ananawa uso, na yaliyobaki anayanywa au anayamwaga. Hakuyatia katika plastiki akayapanga kwenye kabati la kioo Shela, jua la kaskazi likipiga, yakingoja mnunuzi mwezi mzima. Ujuzi wake ulikuwa wa kitu kibichi kinachotumika leo. Sisi tumeuchukua ujuzi huo tukauwekea kifuniko na bei, na hapo masharti yamebadilika.

Punje ya ubani ina vitu vitatu ndani yake: utomvu mgumu usiokubali maji, gundi inayoyeyuka katika maji, na mafuta mepesi yanayoruka, ambayo ndiyo harufu yenyewe. Manemane vilevile, ila gundi yake ni nyingi zaidi. Ukiloweka ubani, maji huwa meupeupe kama tui la pili kwa sababu yamechukua gundi na kubeba chembe ndogondogo za ule utomvu. Sehemu kubwa ya utomvu inabaki chini ya bakuli. Na gundi hiyo ni ya jamii ya sukari, chakula kizuri cha vijidudu na ukungu. Kwa hiyo tulikuwa tunamuuzia mtu kwa bei ya utomvu sehemu ile ile inayooza upesi. Dawa za kuhifadhi zipo, na si haramu wala si sumu zikitumiwa kwa kipimo, ila zinataka kupimwa uchachu wa maji kila mara na chupa kupelekwa maabara kuangaliwa vijidudu. Siku tukiweza hayo, tutarudi kwenye chupa. Kwa sasa nafasi yake imechukuliwa na kifuko cha punje zilizochaguliwa pamoja na karatasi ya maelezo: loweka usiku, tumia asubuhi, usiweke akiba. Kwa maoni yangu ni bidhaa bora kuliko ile ya kwanza, na haihitaji chupa.

Mafuta ndiko tulikopiga hatua, na hapa naomba niseme kwa urefu.

Wengi walikuwa wakitwanga ubani mchana katika kinu na kulalamika kwamba unanata kwenye mchi kama ubani wa kutafuna. Ni joto letu tu. Punje zikilala usiku kucha katika friza huwa kavu na zinapasuka unga mara moja. Tahadhari yake ni jasho: kitu cha baridi kikitolewa katika hewa ya hapa kwetu Amu hulowa papo hapo, na tone la maji likiingia katika mafuta linakaribisha ukungu na kuchacha. Basi punje zigandishwe ndani ya kopo lililofungwa kabisa, zitwangwe haraka, na unga utandazwe kwenye sinia ukauke kabla haujaonja mafuta. Baada ya hapo ni sufuria ndani ya sufuria, maji ya chini yakitokota polepole, mafuta ya nazi au ya ufuta juu yake, saa kadhaa bila papara. Moto wa moja kwa moja unaunguza utomvu na kufukuza harufu. Chumba kitanukia kama harusi na chupa itabaki haina kitu. Kuchuja, kifumbu hakitoshi. Tumieni kitambaa kizito, mara mbili.

Masimbi yanayobaki kwenye kitambaa ni ile gundi, isiyoyeyuka katika mafuta, pamoja na utomvu uliosalia. Msiyatupe. Yakikauka yanafaa chetezoni, ingawa moshi wake una ukali kidogo kwa sababu gundi inaungua badala ya kunukia.

Marhamu pia tumebadilisha kipimo. Vitabu vingi vinasema sehemu moja ya nta ya nyuki kwa nne za mafuta, na waandishi wake nadhani wanaishi kwenye baridi. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu na nyuzi 25 za Selsiasi, maana yake hapa kwetu ni maji takriban mwaka mzima. Nta ndiyo inayobeba mzigo wote, nayo haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 60. Moja kwa tatu ndicho kipimo chetu sasa wakati wa kaskazi. Wakati wa kusi mnaweza kulegeza.

Kuhusu yale mafuta makali ya vichupa vidogo, yanayopatikana kwa kukeneka kwa mvuke (mvuke wa maji hubeba harufu, kisha hupozwa na mafuta yakajitenga), nina maneno matatu au manne na baadhi hayatapendeza.

Kwanza, kipimo. Kwa uso msivuke asilimia 1, yaani mililita 1 kwa mililita 100 za mafuta ya kawaida. Manemane ni kali zaidi: nusu gramu kwa gramu 100, basi. Na bidhaa yoyote yenye manemane isiuzwe kwa mjamzito wala anayenyonyesha, hata akiomba, hata akiwa shoga yako. Mafuta ya manemane yana vitu vinavyohofiwa kumdhuru mtoto tumboni. Singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, nyingi huenda kwa bibi harusi na tunajua hali za watu hubadilika baada ya fungate, kwa hiyo somo, yaani kungwi wake, anayechukua singo yetu aambiwe kama ina manemane. Singo ya liwa, karafuu, asumini na mawaridi haina tatizo hilo, na mimi naona haikosi kitu kwa kukosa manemane.

Pili, kichupa kikizeeka kinageuka. Harufu ya ubani inatokana zaidi na vitu ambavyo vikikutana na hewa na mwanga hugeuka kuwa vichochezi vya mzio wa ngozi. Chupa ya kioo cheusi, kifuniko kilichokaza, mahali pa baridi. Chupa iliyokaa wazi dirishani haifai kwa ngozi ya mtu. Na mteja mpya ajaribiwe tone la bidhaa iliyokwisha kuchanganywa upande wa ndani wa mkono, asubiri siku moja au mbili.

Tatu, lebo. Baadhi yenu mmeandika kwamba mafuta yenu yana asidi za ubani zinazotuliza uvimbe na kufuta mikunjo. Asidi hizo zipo kweli, na zimechunguzwa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ambapo wanawake 15 walipakwa nusu uso krimu yenye asilimia 0.5 ya asidi hizo, na ngozi iliyoharibiwa na jua ikaonekana kupata nafuu. Wanawake 15 si wengi, na ilikuwa krimu ya asidi zilizotengwa, si mafuta. Asidi hizi ni nzito, hazipandi na mvuke, kwa hiyo mafuta yaliyokenekwa hayanazo. Mafuta yetu ya kutwanga na kupasha yanaweza kuwa nazo kiasi, lakini hatujapima. Andikeni: yanalainisha ngozi, yananukia ubani. Hilo tunaweza kuliapia.

Manemane imekubalika zaidi kwa wataalamu. Mamlaka ya dawa ya Ulaya inautambua uzoefu wa zamani wa kuitumia kwa vidonda vidogo vya kinywani, majeraha madogo na majipu madogo. Lakini wanachozungumzia ni manemane iliyolowekwa katika spiriti kali. Suala la spiriti lilijadiliwa kwenye kikao cha mwezi wa Shaaban na wengi hawakutaka iingie jikoni mwetu. Nami niliunga mkono. Hiyo ni dawa, tuwaachie wenye maduka ya dawa.

Nne, na hapa sitazunguka. Wapo wateja wanaouliza kama ubani unang'arisha, nao wanamaanisha weupe. Ubani haumfanyi mtu mweupe. Krimu zinazofanya hivyo upesi mara nyingi zina zebaki au hidrokwinoni, na sheria ya Kenya imezipiga marufuku. Mwanachama atakayechanganya krimu ya namna hiyo na mafuta yetu ataondoka chamani. Kamati haitapiga kura mara mbili.

Sasa malighafi. Ubani wetu mwingi unatoka kaskazini, Wajir na Isiolo, ukipitia mikononi mwa wachuuzi wa Garissa. Ni wa mti wa Boswellia neglecta, mweusimweusi, harufu yake ina ukali wa msonobari. Si ule wa Dhofar huko Omani, Boswellia sacra, ambao majahazi yalikuwa yakiuleta na kaskazi. Kuandika "Ubani wa Omani" juu ya punje za Wajir ni udanganyifu, na pia ni ujinga wa biashara, kwa sababu mgeni aliyetembea Salalah, huko huko Dhofar, atajua akifungua tu. Andikeni jina la mti na kaunti. Huko kaskazini wanaokusanya ni wafugaji, wanawake wengi miongoni mwao, nao huokota zaidi utomvu uliojitokea wenyewe kwenye gome. Ethiopia wanauchanja mti wa jamii nyingine, na watafiti walitoa onyo mwaka 2019 kwamba mavuno ya ubani wa mti huo yanaweza kupungua kwa nusu katika miaka 20, kwa sababu miche haikui: moto na mifugo vinaimaliza. Tukiwabana bei wa Wajir, watauchanja wao pia.

Mzigo ukifika, upimeni kabla ya kulipa. Tia punje kwenye kaa: ubani wa kweli unayeyuka kisha unafuka harufu, gundi ya mgunga inatutumka na kuungua kama mkate. Tia nyingine majini: gundi ya mgunga huyeyuka yote, ubani huacha masalia. Mchanga na magome mtayaona wenyewe.

Mkutanoni kamati inaleta maombi mawili. La kwanza, kuahirisha ununuzi wa mtambo wa kukeneka. Najua wengi mnautamani. Lakini kilo moja ya ubani hutoa mafuta kidogo, mara nyingi gramu makumi kadhaa tu, na hatuna maji baridi ya kutosha kuuendesha wakati wa kiangazi. La pili, kila chombo kiwe na majina ya vilivyomo, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, ndipo Katibu apeleke maombi ya alama ya ubora KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa utaratibu wao wa biashara ndogo. Tutaanza na marhamu peke yake.

Viti viwili vya kamati viko wazi, na ningefurahi kimoja kikienda kwa mwanachama wa Matondoni. Wenye lebo za zamani wazilete siku hiyo, tuzichane pamoja. Chama kitagharimia mpya.

Mwenyekiti
Lamu