Ukinitumia pleilisti ya Krismasi niandikie na mwaka wa wimbo

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, manake hili jambo ninalo moyoni tangu Novemba ilipoanza na nimeona nikinyamaza litapita tena kama mwaka jana.

Kila Krismasi ikikaribia watu wanaanza kutumiana pleilisti. Jambo zuri, tena mimi nalipenda mno. Lakini hebu angalieni zinavyotumwa. Linki inaingia kwenye simu, haina salamu wala neno, ukiifungua unakuta nyimbo 214, karibu masaa kumi na moja ya muziki, zimerundikwa tu, wa kwanza kengele, wa pili kengele, wa tatu kwaya, wa nne ni ule ule wa kwanza ila kaimba mtu mwingine. Nikamuuliza aliyenitumia, katika hizi wewe unaupenda upi? Akanijibu zote nzuri bwana, we sikiliza tu. Sasa nitajuaje kitu chake hapo? Mimi nilitaka kujua ni wimbo upi ukianza yeye anaacha vyombo kwenye karai na povu mkononi anasimama kusikiliza. Huo mmoja ningeushukuru kuliko hizo 214.

Nimelelewa na kaseti, labda ndo maana. Marehemu baba alikuwa na kaseti moja ya Krismasi, ya dakika sitini, yani thelathini kila upande, na kwa dakika thelathini unaingiza nyimbo tisa, kumi ukibana sana. Alikuwa anarekodi kutoka redioni, kidole kiko juu ya kitufe, anangoja mtangazaji amalize kuongea, na mara nyingi mtangazaji hakumaliza kwa wakati kwa hiyo mpaka leo kuna nyimbo nikizisikia popote kichwani mwangu zinaanza na nusu ya neno la yule mtangazaji. Kile kikaratasi cha ndani ya kasha alikiandika kwa kalamu ya wino wa bluu, herufi ndogondogo zimeinamia kulia, jina la wimbo, jina la mwimbaji, na pembeni mwaka kama aliusikia ukitajwa. Upande A wa asubuhi, nyimbo za kuchangamka. Upande B wa usiku, watoto wamelala, sauti chini. Nafasi ilikuwa ndogo kwa hiyo alilazimika kuchagua, na kila alichokiacha kilimuuma, nakumbuka alivyofuta wimbo mmoja mara mbili akaurudisha mara mbili.

Suala la mwaka watu wanalichukulia kama mambo ya wataalamu, lakini ngoja nieleze. Chukua "White Christmas" ya Bing Crosby, ambayo inahesabiwa ndo rekodi iliyouzwa kuliko zote duniani. Aliirekodi Mei 1942. Ikatakiwa sana, wakaigandamiza santuri baada ya santuri mpaka ile rekodi mama ikachakaa, ikabidi Machi 1947 arudi studio aimbe upya, na walijitahidi ifanane na ya kwanza. Hiyo ya 1947 ndo tunayoisikia wengi siku hizi. Ukizisikiliza moja baada ya nyingine, usiku, hakuna kelele, utaona sauti imebadilika kidogo, na ile ya 1942 ina kitu fulani, watu walikuwa vitani wakati ule na wimbo wa mtu anayeota nyumbani ulikuwa na uzito mwingine. Au Nat King Cole na "The Christmas Song", huyo aliurekodi mara mbili 1946, tena 1953, tena 1961. Mtu akiniandikia jina la wimbo tu sijui ananipa upi. Dada yangu alinitumia wa 1961 wenye orkestra kubwa, mimi nikawa nampigia hadithi za ule wa kwanza wa piano, gitaa na besi, tukabishana wiki nzima kila mtu anaona mwenzake hana masikio, kumbe tunaongelea rekodi mbili tofauti.

Alafu ukimpa mtu wimbo na kitu kidogo cha kujua kuhusu huo wimbo anausikia upya kabisa. Nilimwandikia rafiki yangu kwamba "Let It Snow", pamoja na theluji yote ile, ulitungwa Julai 1945 kule Hollywood joto likiwa kali, na huu wa Nat King Cole nao maneno yake yalianza kuandikwa siku ya joto mwaka huo huo, mtunzi anajaribu kujipoza kwa kuwaza baridi. Akanijibu saa sita usiku kwamba kausikiliza mara nne mfululizo. Ni wimbo aliousikia maisha yake yote huo.

Nije kwenye mpya, manake hapa ndo watu wa umri wangu tunakosea. Tunasema nyimbo za Krismasi ziliisha zamani, hizi za sasa kelele. Mimi nimesema hivyo miaka mingi na nilikuwa nakosea, naliandika hapa wazi. Aliyenibadilisha ni binti wa dada yangu. Aliniwekea simu sikioni akasema mjomba sikiliza huu kwanza, ukawa ni Kelly Clarkson, "Underneath the Tree", wa 2013. Ngoma zinaingia, kengele zinaingia, saksafoni inaingia, nikamwambia huu naujua. Akasema haiwezekani mjomba. Nikamtafutia Darlene Love, "Christmas (Baby Please Come Home)", kutoka ile albamu iliyotoka tarehe 22 Novemba 1963, siku ile ile aliyouawa Rais Kennedy, watu wakawa hawana hamu na muziki wa sherehe mwaka ule. Tukazipiga zikifuatana. Yule mtoto akanyamaza, akasema ni ngoma zile zile! Nusu karne katikati, na ukizipanga jirani unamwona mdogo anavyofanana na mkubwa wake usoni. Tangu siku hiyo pleilisti yangu naipanga jozi jozi. "Mary's Boy Child" wa Harry Belafonte wa 1956, anaimba taratibu kama anamwambia mtu mmoja, na nyuma yake Boney M. wa 1978 ambao hata aliyekaa kitini mguu unagonga sakafu, na zote mbili zilifika namba moja Uingereza. Hiyo ndo raha ya kupanga mwenyewe. Ile batani ya kuchanganya nyimbo haiwezi kujua kwamba hawa wawili ni ndugu.

Na jamani hivi vya zamani vyote viliwahi kuwa vipya, tena vingine vilisubiri sana. Brenda Lee alirekodi "Rockin' Around the Christmas Tree" 1958 akiwa na miaka 13, ukafika namba moja kwenye chati kuu ya Marekani Desemba 2023, mwenyewe akiwa na miaka 78. "All I Want for Christmas Is You" wa Mariah Carey ulitoka 1994 ukafika namba moja hapo hapo Marekani 2019, miaka ishirini na mitano. "Last Christmas" ya Wham! ilitoka 1984, Uingereza ikakaa juu kwa mara ya kwanza Januari 2021. Sababu ni kwamba siku hizi chati zinahesabu na kile watu wanachopiga kwenye simu zao, sio kile kilichonunuliwa dukani tu, kwa hiyo mtu aliyepanga pleilisti jikoni kwake na kuirudia kila Desemba na yeye amehesabiwa. Naona hilo limewarudishia heshima waimbaji ambao wengine tulishawasahau. Kwa hiyo kila mwaka natafuta nyimbo tatu za mwaka huo huo naziweka katikati ya wazee. Ikifika Machi nikajikuta naupiga mluzi mmojawapo nikifua nguo, basi huo umepata kiti. Nisipoukumbuka unatoka, nafasi anapewa mwingine. Mwaka juzi zilitoka zote tatu, mwaka jana ukabaki mmoja.

Sasa nieleze kilichonisukuma kuandika hii barua hasa. Pleilisti yangu niliijenga miaka minane kwenye programu moja ya muziki, siitaji. Desemba iliyopita naifungua nakuta nyimbo sita zimekuwa za kijivu, hazipigiki, na nyingine mbili hata jina halipo, imebaki nafasi tu. Naelewa ni mambo ya haki na mikataba, mkataba ukiisha wimbo unaondolewa. Lakini zile mbili zisizo na jina sikuweza kukumbuka ni zipi. Nilikaa kitandani na simu jioni nzima, moja nilipewa na mtu ambaye saa hizi hatupo naye, alinitumia kutoka hospitali akasema huu upige nikitoka. Sikuwa nimeandika popote. Niliiamini simu. Sipendi kulilalamikia shirika, mimi ndo sikuandika, na baba alikuwa ameshanionyesha kwenye kile kikaratasi cha kasha jinsi ya kufanya.

Kwa hiyo sasa nina daftari. La kawaida, lenye mistari. Jina la wimbo, mwimbaji, mwaka wa rekodi, aliyenipa, na alisema nini aliponipa. Ukurasa wa Jim Reeves nimeandika albamu ya 1963, upande wa usiku, na chini yake nimeandika kwamba mwaka uliofuata alikufa kwenye ajali ya ndege, ndo maana mama alikuwa akiisikia ile sauti ya taratibu anasema huyu alikuwa anaaga. Kama huo wimbo utakuwa wa kijivu siku moja, nautafuta kwengine kokote, najua ninachotafuta.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba tutengeeni kona wasomaji, hata robo ukurasa. Kila mtu alete nyimbo tano tu, mbili za zamani, mbili za katikati, moja ya mwaka huu, aandike mwimbaji na mwaka, na sentensi moja kwa nini. Linki haihitajiki, mtu akipenda atautafuta. Na wasiosherehekea Krismasi waje na nyimbo zao za msimu wao, kila msimu una nyimbo zake na sisi wengine tungependa kuzijua, mimi mwenyewe sijui hata moja ya jirani yangu na tumekaa ukuta mmoja miaka tisa.

Na kama kona itafunguliwa basi naomba niitumie kwa shida yangu. Ile kaseti ya baba haipigiki tena, mkanda umegandana, niliuzungusha kwa penseli taratibu ukakatika mikononi mwangu. Kikaratasi ninacho. Nyimbo kumi na saba kati ya kumi na nane nimeshazipata zote na nimezipanga alivyozipanga yeye. Wa mwisho upande B unyevu umeula, imebaki "Nat K." alafu doa la bluu, alafu "nzuri sana". Sio ule maarufu, huo uko upande A. Ninachokumbuka ni kwamba ulikuwa unaanza na vinanda vingi pamoja, taratibu mno, na hapo baba alikuwa ananyanyuka kwenda kuzima taa. Nimeshajaribu albamu yake ya Krismasi ya 1960 wimbo kwa wimbo, kuna nyimbo mbili zinanichanganya. Msomaji mwenye umri wa kukumbuka redio za wakati ule akiniandikia kupitia gazeti nitamshukuru sana.

Msomaji wenu wa siku nyingi