Barua kwa mwanangu anayefunga karakana yake

Ngamiani, Tanga
Novemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleykum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na nimeona nikuandikie barua, kwa sababu kwenye simu tungeishia kupozana moyo na jambo lenyewe lisisemwe. Umeniarifu kwamba karakana yako ya sare hapo Moshi utaifunga mwishoni mwa Januari, kwa kuwa shule mbili ulizozitegemea zimepeleka oda zao kwa muuzaji wa jumla na kodi ya fremu imepanda. Uamuzi huo sina la kuupinga, maana hesabu ulizonitumia zinajieleza. Umeniuliza kama uwaambie mafundi wako saba sasa, au usubiri mpaka sare za kufungulia shule ziishe kushonwa, kisha uwaambie siku ya mwisho huku ukiwakabidhi mishahara yao. Jibu langu ni kwamba uwaambie wiki hii, na sababu yake ni jambo nililolitenda mimi mwenyewe ambalo sijapata kukusimulia.

Unakumbuka kiwanda chetu cha uchapaji alichokiacha marehemu baba yako. Tulikuwa tukiishi kwa vitabu vya risiti na ankara, kadi za michango na mialiko ya harusi, na kalenda za mwisho wa mwaka. Mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zilipoingia madukani kuanzia 2010, wafanyabiashara wakaacha mmoja mmoja kuagiza vitabu vya risiti. Kisha watu wakazoea kutuma kadi za michango kwa WhatsApp, nasi tukabaki kuchapa kadi chache za wazee wasioona heshima ya kualikwa kwa picha ya simu. Uchaguzi wa 2015 ulitudanganya, kwa kuwa kwa miezi mitatu tulichapa mabango na vipeperushi usiku na mchana, nami nikaamini kwamba kazi imerudi. Haikuwa imerudi. Februari 2019 nilikaa na daftari la mahesabu usiku kucha, na kulipokucha nilijua kwamba mwaka huo hautaisha tukiwa wazima.

Wafanyakazi walikuwa kumi na mmoja, na sikumwambia hata mmoja. Nilijiambia ngoja Ramadhani ipite, watu wasifunge na huzuni. Kisha nikajiambia ngoja wale Idi kwa furaha. Niliiona kuwa ni huruma. Leo naijua kwa jina lake: nilikuwa naogopa kuziangalia nyuso zao. Mwezi wa Aprili mpiga chapa wetu mkuu, yule aliyekuwa akikubeba mabegani ulipokuwa mdogo, alikuja ofisini na fomu ya mkopo wa kuezekea nyumba yake, mkopo wa miaka miwili, na fomu ilitaka mwajiri athibitishe mshahara wake na kwamba ajira yake inaendelea. Mdhamini wake alikuwa mama wa kitengo cha kuunganisha vitabu, naye pia mfanyakazi wangu. Nilichukua kalamu nikatia sahihi, nikagonga mhuri, nikamwambia hongera.

Niliwaambia Jumatatu iliyofuata baada ya Idi, mwezi wa Juni. Wote walipokwisha kutawanyika yeye alibaki mlangoni, akaniambia maneno haya tu: "Mama, kalamu ilikuwa mkononi mwako." Hakuinua sauti. Baadaye niliuza mashine ya kukatia karatasi na sehemu ya fedha zile nikaiweka kwenye deni lake, lakini mabati aliyoyanunua kwa sahihi yangu aliyalipia kwa vibarua vya bandarini katika umri wa miaka hamsini na mbili. Tunasalimiana mpaka leo, na kila tunapoagana nakumbuka fomu ile.

Ndiyo sababu nakuomba usisubiri. Katika miezi hii miwili unayotaka kukaa kimya, mafundi wako wataendelea kupanga maisha yao: mmoja atalipa kodi ya miezi sita, mwingine atakataa kazi aliyoitiwa Arusha kwa kuona aibu kukuacha msimu wa sare, mwingine atachukua cherehani kwa mkopo. Wewe utakuwa ukiwatazama wakifanya hayo ilhali unajua. Mshahara utakaowapa siku ya mwisho hauwezi kurudisha uamuzi ambao mtu ameufanya kwa kuamini kwamba wewe upo.

Najua unachokihofia, kwamba wakijua mapema watakukimbia kabla ya oda kukamilika. Sitakuficha: kwangu wawili waliondoka ndani ya wiki moja, na kazi ya daftari za shule moja ilichelewa kwa sababu yao. Tisa walibaki hadi siku ya mwisho. Nadhani walibaki kwa sababu kuanzia siku ile nilianza kuwaonyesha hesabu, nao wakajua ni fedha gani inaingia na itakwenda kwa nani. Nawe unaweza kuweka malipo ya ziada kwa atakayekaa mpaka oda ya mwisho itoke, ukayaandika na kuyatia sahihi. Hiyo ni gharama ya haki. Ukikaa kimya utakuwa unawatoza wao gharama hiyo bila kuwaambia.

Na ujue kwamba sheria haikupi ruhusa ya kusubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kibiashara atoe taarifa ya kusudio hilo mara tu anapolifikiria, aweke wazi habari zote zinazohusika, na ashauriane nao kuhusu sababu, njia za kuepusha hatua hiyo au kuipunguza, wakati wa kuitekeleza na malipo yao. Mashauriano hayo yawe ya kweli. Kwangu yule binti wa mapokezi aliuliza kwa nini tusiwauzie wateja wa kadi huduma ya kuchapa picha, na ingawa wazo lile halikuweza kutuokoa, lilimpa yeye kazi anayoifanya mpaka sasa. Huenda mafundi wako wakataka kukodi vyerehani vyako na kuendelea kushona kwa ushirika; wape nafasi ya kulisema hilo wakati vyerehani vingali vyako.

Baada ya mashauriano ndipo kila mmoja apewe notisi kwa maandishi, yenye sababu na tarehe. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Yule fundi wako aliye kwenye likizo ya uzazi usimpe notisi wakati yuko likizo, wala usizihesabu siku za notisi ndani ya likizo hiyo, sheria inakataza. Hata hivyo asije akazisikia habari kwa mtu mwingine. Nenda kwake siku hiyohiyo, umchukulie sabuni na kanga kama aendewavyo mzazi, umweleze kwa mdomo kusudio lako, na karatasi isubiri.

Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Mkataji wako, uliyemrithi na karakana ile, amefanya kazi hapo miaka kumi na mitatu: kama mshahara wake wa siku ni shilingi 15,000, siku 70 ni shilingi 1,050,000, na hiyo ni mbali na mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na nauli ya kumrudisha ulikomwajiri ikiwa ulimtoa mbali. Sheria imeishia miaka 10, lakini haikukuzuia kumlipa ile mitatu iliyobaki. Mimi ningeilipa. Wape pia cheti cha utumishi, kila mtu chake, kilichoandikwa vizuri, maana ndicho watakachobisha nacho milango mingine.

Jambo la michango ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, lishughulikie kabla hujaitisha kikao. Ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yake umewakata wao wenyewe, kwa hiyo ni fedha yao iliyopitia mkononi mwako. Mimi nilikuwa nyuma kwa miezi minne, na fedha ya ile mashine ilianzia huko. Mfuko una fao la upotevu wa ajira: mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na kukosa kazi bila kujiuzulu hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Hapo angalia neno moja. Kuna waajiri wanaowaomba wafanyakazi waandike barua za kuacha kazi "ili mambo yaende vizuri", na mfanyakazi anaandika kwa adabu bila kujua kwamba amejifungia mlango wa fao hilo. Usiwaombe barua hiyo. Barua iwe yako, na iseme kwamba wewe ndiye unayefunga.

Sasa kikao chenyewe. Waite wote kwa wakati mmoja, asubuhi, wala si siku ya mshahara. Usimtangulize fundi mkuu usiku uliotangulia kwa kudhani unamheshimu, kwa kuwa utakuwa umemtwisha siri ya kuwaficha wenzake. Na mlinzi wa usiku mwite mchana. Walinzi husahauliwa daima, na wa kwetu alikuta habari zimebandikwa kwenye mlango alioulinda miaka tisa.

Sisi watu wa pwani tuna desturi ya kuzunguka mbuyu kabla ya kulisema neno lenyewe, na mimi niliuzunguka siku ile kwa nusu saa: nilianza na marehemu baba yako, nikaja kwenye hali ya biashara nchini, nikafika kwenye kudra ya Mwenyezi Mungu, na wakati wote huo watu waliokuwepo walikuwa wakisubiri sentensi moja. Wewe isome kwanza: "Karakana itafungwa tarehe 31 Januari, na kila mmoja wenu atalipwa haki zake kama zilivyo kwenye karatasi hii." Kisha nyamaza, waache waulize. Usiseme "sisi hapa ni ndugu", kwa kuwa ndugu hapewi notisi. Usiwaahidi kwamba utafungua tena, maana yupo atakayekungoja. Na machozi, mwanangu, jitahidi yaje baadaye. Mimi nililia mbele yao, na yule mama wa kuunganisha vitabu, ambaye muda huo alikuwa amekwisha kuelewa kwamba deni alilolidhamini linamgeukia, ndiye aliyekwenda kuniletea maji ya kunywa. Muda uliokuwa wa maswali yao ukaishia katika kunifariji mimi.

Fedha zikiwa hazitoshi, waanze wao. Mwenye fremu na mwenye duka la vitambaa watakasirika, lakini wana mali nyingine. Fundi ana mikono yake tu na mwezi unaokuja.

Nitumie kwa simu majina yao, mwaka ambao kila mmoja alianza kazi na mshahara wake, niyapitie mahesabu kabla hujayapiga chapa, kwa sababu kosa la shilingi elfu kumi siku kama hiyo huonekana kuwa ni dhuluma. Jumapili nitapanda basi la alfajiri, na Insha'Allah jioni nitakuwa kwako. Jumatatu wakati wa kikao nitabaki nyumbani, nikupikie, kwa sababu wewe ndiye waliyekuamini, na wewe ndiye wanayestahili kumsikia.

Mama yako